Mchana Mmoja Maskati

Zamani, mtu wa Mombasa akitaja safari ya Maskati alikusudia moja kati ya mambo matatu: kutafuta kazi, kutafuta jamaa, au kuchukua bidhaa. Siku hizi limezuka la nne. Vijana wetu wanaofanya kazi Dubai, Abu Dhabi na Doha huwaita wazazi wao wakapumzike, na baadhi yao, badala ya kuwazungusha madukani siku kumi mfululizo, huwakatia nafasi katika zile meli kubwa za kitalii zinazozunguka Ghuba. Meli hizo aghalabu husafiri usiku na kusimama mchana, abiria wakashuka, wakatembea, kisha wakarudi kabla ya jua kuchwa. Na katika bandari zote hizo, iliyo kongwe, na iliyo karibu mno nasi kwa nasaba na kwa tarehe, ni Maskati.

Kina mama kadhaa wameniuliza baada ya darsa swali lile lile: "Sheikh, meli yasimama Maskati kutwa moja tu. Tufanye nini?" Nimeufikia mji ule mara mbili. Mara ya kwanza nilikwenda kwa ndege, na mara ya pili kwa meli, pamoja na ahali yangu na mkwe wangu, mama mtu mzima aliyepita miaka sabini. Nitajibu kwa niliyoyaona kwa macho yangu.

Kwanza niliondoe lile ambalo najua lawakera wengi. Ndani ya meli hizo mna ulevi unaouzwa wazi, mna chumba cha kamari, na mna ngoma zinazokesha. Safari yenyewe ni jambo la mubaha, na mwenye kujihifadhi humo hujihifadhi kama anavyojihifadhi katika mji wowote mkubwa. Kula, lala, kaa barazani mwa meli utazame bahari aliyoitandaza Mola, na vyumba vile vipite mbali. Asiyejiamini, au ajuaye kwamba wanawe hawatazuilika, ndege zipo na Maskati haihami. Kuhusu chakula, mwenye kukukatia tikiti aandike ombi la nyama ya halali mapema, si siku ya kupanda. Wakikwambia haipo, kuleni samaki na mayai, wala hamtadhoofika kwa siku saba.

Msimu wa meli hizi ni ule ule wa kaskazi, tangu mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu au wa nne hivi. Wazee wetu wangecheka kulisikia hilo, kwa kuwa majira yale ndiyo majahazi ya Maskati yalikuwa yakifunua matanga kuja kwetu. Sababu ya leo si upepo bali ni joto. Kiangazi cha Oman hakifai kwa mtalii, na jua lake la adhuhuri halina huruma kwa mtu mzima wala kwa mtoto. Katika miezi ya baridi, hali ya hewa ni kama asubuhi ya Lamu mwezi wa saba, na jioni huenda ukahitaji shali.

Siku ya kufika, amkeni kwa ajili ya alfajiri, na mkishasali msirudi kulala. Pandeni juu. Meli huikaribia nchi ambayo kwa mbali yaonekana kama haina mtu wala jani: majabali matupu ya rangi ya kahawia yamesimama hadi ukingoni mwa maji. Kisha jabali mojawapo lajifungua, na mbele yako pana hori ndogo na nyumba nyeupe zimejipanga ufukweni, na juu ya mwamba pana ngome ya duara. Hapo ndipo Mutrah, bandari ya Maskati. Upande mmoja, juu ya kilima cha Riyam, utaona chetezo kikubwa mno cheupe kilichojengwa kwa ukumbusho wa ubani. Wanangu waliuliza kama hufukizwa kweli. Hakifukizwi, lakini hakuna nembo nyingine ingeufaa mji huo zaidi.

Gati mnalofungia laitwa Bandari ya Sultan Qaboos. Hadi mwaka 2014 hapo ndipo makasha ya bidhaa yalipopakuliwa, kisha shughuli hiyo ikahamishiwa Sohar, na bandari ya Mutrah ikaachiwa watalii. Hairuhusiwi kutembea kwa miguu ndani ya bandari. Pana basi linalowachukua abiria hadi langoni, na kutoka langoni mji uko mbele yenu. Kuhusu viza, mwenye pasipoti ya Kenya asisikilize maneno ya "utaambiwa huko huko". Aulize kwa maandishi kabla ya kulipa, kuhusu kila nchi ambayo meli itasimama, asije akabaki melini akiwatazama wenziwe wakishuka.

Saa ya Oman iko mbele ya yetu kwa saa moja. Nasema hili kwa kuwa niliona mama mmoja wa kwetu melini ambaye simu yake ilikuwa bado yasoma saa ya Mombasa, na mchana mmoja saa moja ni nyingi.

Nje ya lango, taksi zitawakimbilia. Wenye kuziendesha ni Waomani wenyewe, maana kazi hiyo imewekwa kwa raia, na wengi wao ni watu waungwana. Lakini bei semeni kabla ya mlango kufunguliwa. Rial moja ya Oman ni takriban dola 2.60 za Marekani, nayo imegawanywa katika baisa 1,000, si senti 100 kama shilingi yetu. Mtu akikwambia "mia tano", akusudia nusu rial, na mgeni asiyejua hutoa noti tano. Mkiwa na miguu yenye nguvu, Mutrah haihitaji gari. Ni njia moja tu, ya ufukweni, iliyosakafiwa vizuri, bahari mkono mmoja na mji mkono wa pili.

Anzeni na soko la samaki, liko karibu na lango la bandari, na uzuri wake ni wa asubuhi. Jengo ni jipya, limefunguliwa mwaka 2017, lakini walio ndani ni wale wale: mvuvi, mkata samaki, na mama anayebonyeza jicho la nguru kuona kama ni wa leo. Mkewe msomaji yeyote wa Majengo au Kuze atajiona yuko nyumbani. Nguru wapo, jodari wapo, papa wapo. Mkwe wangu alisimama mbele ya nguru mmoja mrefu kama mtoto wa miaka sita akauliza bei kwa Kiswahili, na mzee aliyekuwa akiuza akamjibu kwa Kiswahili. Hakuna aliyestaajabu isipokuwa watalii waliokuwa nyuma yetu. Mjini Maskati wako watu wengi ambao wazazi wao, au wao wenyewe, walizaliwa Unguja, Pemba au Mombasa. Jaribuni Kiswahili chenu kabla ya Kiingereza.

Mkiendelea na njia ya ufukweni mtaona nyumba ndefu za kale zenye roshani za mbao zikitazama bahari, na msikiti wenye kuba la buluu. Nyuma ya nyumba hizo umo mtaa uitwao Sur al-Lawatia, uliozungukwa na ukuta, ambao ni makao ya jamii ya Walawatia, ambao ni Mashia. Una lango, na lango lile si la wageni. Watalii wengine huchungulia na kupiga picha. Sisi tuliokulia Mji wa Kale, tunaojua namna inavyoudhi mtu kusimama na kamera mbele ya mlango wa ua wako ilhali binti yako anaanika nguo, tusifanye hivyo.

Soko lenyewe, Souq ya Mutrah, mlango wake uko hapo hapo ufukweni. Wenyeji wa zamani huliita Souq al-Dhalam, yaani soko la giza, kwa kuwa vichochoro vyake ni vyembamba na vimeezekwa, jua haliingii. Ingieni mapema, maana maduka mengi hufungwa adhuhuri na hayafunguliwi mpaka alasiri, na Ijumaa asubuhi mtakuta milango mingi imefungwa. Hatua mia za kwanza ni za mtalii: shali ziitwazo za Kashmir, ngamia wa vitambaa, taa za rangi. Msinunue hapo chochote. Endeleeni ndani, pindeni kushoto, pindeni kulia, mpotee kidogo. Soko halina ukubwa wa kumpoteza mtu moja kwa moja, na mkiteremka daima mtarudi baharini.

Ndani ndimo mna mambo. Ubani kwanza. Wa Oman hutoka Dhofar, kusini, kwenye miti inayogemwa kwa kukwanguliwa gome, utomvu ukatoka na kukauka kama machozi. Mwenye duka atakuwekea aina kadhaa. Ule mwekundu na wenye vumbi ni wa bei ya chini, na ule ang'avu, unaoelekea weupe na ukijani kidogo, ndio bora, huitwa Hojari. Mwambie afukize kidogo mbele yako. Mzuri hauchomi pua, nao hunukia kama ganda la limau. Udi na bukhuri vipo kila hatua, ila hapo lazima mama mjuzi awepo, maana mafuta mengi yanayoitwa ya udi hayakuuona mti wa udi. Ahali yangu alinusa chupa saba akairudisha ya saba na kumwambia mwenye duka, kwa adabu, kwamba hata ile ya kwanza haikuwa.

Kisha kofia. Waomani huziita kumma, na ukiiweka moja juu ya meza kando ya kofia ya viua ya Lamu, utaona kwamba ni ndugu: vile vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, ule mduara wa juu, na kazi ile ya wiki nyingi ya mkono. Mabinti wanaojua kushona wazitazame kwa karibu, wahesabu safu, wanukuu mtindo. Zile za mashine zimejaa, zatoka mbali, na bei yake ni ndogo. Ya mkono utaijua ukiigeuza ndani. Vilevile mtaonyeshwa reale za fedha za Maria Theresa, zile zile zilizokuwa zikitumika pwani yetu. Mwenye duka atawaambia ni ya mwaka 1780, na kweli ndivyo ilivyoandikwa, lakini zote zimeandikwa 1780, hata zilizopigwa karne mbili baadaye. Nunueni kwa uzito wa fedha, wala msinunue kwa hadithi. Jambia nalo ni zuri kulitazama, ila walinzi wa meli hawatakubali mpande na silaha mkononi. Watalichukua, na maelezo yatakuwa marefu.

Halua ya Maskati ina zafarani, hiliki na marashi ya waridi, laini kuliko yetu. Nitasema kweli hata kama nitalaumiwa: ya Mombasa inaposongwa na mjuzi, ikiwa na mafuta ya kutosha, haishindwi. Lakini kahawa yao, chungu na yenye hiliki, wakaimimina kutoka dalla ambayo ndiyo dele yetu, pamoja na tende, hiyo kaeni muinywe. Ukitosheka, tikisa kikombe kidogo unapokirudisha. Usipotikisa watamimina tena, na tena.

Sasa sala. Msafiri wa meli hizi ni msafiri wa kweli kisheria, kwani masafa yamepita zile marhala mbili za madhehebu yetu ya Shafi. Basi ana ruhusa ya kupunguza Adhuhuri na Alasiri kuwa rakaa mbili mbili, na kuzikusanya. Akitaka kuzichelewesha hadi wakati wa Alasiri, na anuie hivyo ndani ya wakati wa Adhuhuri. Wengi husahau nia hiyo. Na akisali nyuma ya imamu mkazi, atatimiza nne kama imamu wake. Kibla cha Maskati ni upande wa magharibi. Sisi tuliozoea kuelekea kaskazini hujisahau, hasa ndani ya chumba cha meli kisicho na dirisha. Misikiti ya Mutrah iko kila pembe, na kina mama waulize sehemu yao kabla ya adhana, maana si kila msikiti mdogo wa sokoni una nafasi yao. Mtawaona Waibadhi wakisali mikono imeteremka ubavuni, wala hamtawasikia wakivuta "Amin" kwa sauti. Msishangae wala msinong'one. Wazee wetu wa Mombasa walisali nao bega kwa bega miaka mingi, kila mtu na madhehebu yake.

Baada ya soko pana njia mbili, na kwa mchana mmoja familia hapana budi ichague.

Ya kwanza ni Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, mwendo wa takriban kilomita 20 kutoka Mutrah. Ulifunguliwa mwaka 2001. Ukumbi wa wanaume waingiza watu 6,500, na zulia lake ni kipande kimoja cha mita 70 kwa 60, uzito wake tani 21. Jambo ambalo waongozaji watalii hulipitia mbio ni hili: zulia lile lilifumwa na wanawake 600 wa Khorasan, nchini Iran, kwa miaka minne, fundo kwa fundo, mafundo milioni 1,700. Kila mwanamume anayeinama kusujudu pale, paji lake lagusa kazi ya vidole vyao. Juu yake yaning'inia thuraya ya urefu wa mita 14. Ukumbi wa wanawake ni mdogo, wa watu 750, lakini umetengenezwa kwa nakshi ile ile, haukufanywa kuwa ghala la viatu. Watalii wasio Waislamu huruhusiwa asubuhi tu, tangu saa mbili hadi saa tano, isipokuwa Ijumaa. Ninyi ni wenyeji wa nyumba hiyo, mnaweza kwenda wakati wa sala. Ila walio kwenye basi la ziara watakwenda saa za watalii, watazame zulia kutoka kwenye njia iliyotandikiwa, kisha wasukumwe nje kabla hawajasali rakaa mbili za kuamkia msikiti. Kwa hiyo ukienda, nenda na taksi yako.

Ya pili ni Maskati yenyewe ya kale, kilomita chache tu kutoka Mutrah ukifuata ufuko. Mimi, kwa mtu wa Mombasa, nitampendekezea hii. Pana hori ndogo iliyobanwa na majabali, na katikati Kasri ya al-Alam, iliyojengwa mwaka 1972, yenye nguzo za buluu na dhahabu. Watu hupiga picha hapo. Lakini tazameni juu, kulia na kushoto. Juu ya miamba miwili zimekaa ngome mbili, Jalali na Mirani, zikiikodolea macho bahari. Zilijengwa na Wareno katika miaka ya 1580. Na mwaka 1593, Wareno hao hao wakaanza kujenga Ngome yetu, Fort Jesus. Simameni pale muangalie kuta zile zinavyofuata umbo la mwamba, mtadhani mko nyuma ya Mji wa Kale mkitazama mlango wa bandari.

Watoto waelezeeni hapo hapo, msingoje darasa. Wareno waliuteka mji wa Mombasa na kuuchoma mwaka 1505, na miaka miwili baadaye Albuquerque akaifanyia Maskati mfano wa hayo. Waomani wakakaa chini ya mizinga hiyo hadi mwaka 1650, Imamu Sultan bin Saif alipowatoa. Habari ikavuka bahari. Watu wa Mombasa wakapeleka wajumbe kuomba msaada, na baada ya vita vya hapa na pale, Waomani wakaizingira Fort Jesus mwezi wa tatu mwaka 1696. Mzingiro ule ukachukua miezi thelathini na tatu, waliomo ndani wakafa kwa njaa na maradhi zaidi ya kwa risasi, hadi mwezi wa kumi na mbili mwaka 1698 ngome ikaanguka. Yaliyofuata hayakuwa asali peke yake, na sipendi tarehe inayosimuliwa kama arusi. Mazrui wa Mombasa waligombana na Busaidi wa Maskati kwa muda mrefu, hadi Sayyid Said alipoutwaa mji mwaka 1837 na wakuu wa Mazrui wakakamatwa na kuchukuliwa kwa merikebu, wasirudi. Na biashara ya watumwa iliyopita katika bahari hii nayo ni sehemu ya hesabu hiyo. Mtoto mwenye umri wa kuelewa na aambiwe yote mawili.

Kuvuka uwanja wa kasri pana Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 2016, na si mbali pana Bait al-Zubair, nyumba ya ukoo iliyogeuzwa makumbusho mwaka 1998. Mwenye watoto wadogo achague ya pili: ni ndogo, ina mavazi na mapambo ya wanawake wa kila jimbo la Oman, na mtoto hachoki. Mkiwa bado na nguvu, ulizeni mahali pa kuonea hori. Majabalini mna majina ya meli yaliyopakwa rangi nyeupe na mabaharia wa zamani, kila waliotia nanga wakaacha lao.

Lakini iko njia ya tatu ambayo haimo katika karatasi yoyote ya ziara, na kwa familia nyingi za kwetu ndiyo yenye haki ya kwanza.

Tulipokuwa melini, usiku wa kuamkia Maskati, niliwauliza watu wangu watakwenda wapi. Wanangu wakasema msikiti. Ahali yangu akasema soko. Mkwe wangu akasema, "Nyinyi nendeni mkaone taa na mazulia. Mimi nipelekeni kwa binti wa mama mdogo." Ndipo akafungua mkoba wake akatoa kitambaa, na ndani ya kitambaa mlikuwa na jozi ya mafurungu ya fedha, mazito, ya zamani. Mwaka 1964, baada ya mapinduzi ya Unguja, mama yake mdogo alipita Mombasa na watoto watatu, akakaa kwao miezi michache, kisha akapata chombo cha kwenda Arabuni. Kabla ya kuondoka akamwachia dada yake mafurungu yale, akasema atayafuata mambo yakitulia. Hayakufuatwa. Mwenye kuweka akafa, aliyewekewa akafa, na amana ikarithiwa na binti ambaye hakuivaa hata siku moja. Mara mbili alishauriwa aitume kwa mtu anayesafiri. Akakataa. Alitaka aikabidhi kwa mkono wake, na afya yake ya ndege si nzuri, masikio humuuma. Meli ile, kwake, haikuwa ya utalii.

Basi asubuhi ile hatukwenda sokoni wala msikitini. Tulichukua taksi hadi Al Khuwair, tukafungiwa njiani na msongamano wa magari, na tulipofika saa nne ilikuwa imeshapita. Meli ilikuwa inaondoka saa kumi na moja, na mwisho wa kupanda ni saa kumi. Ndugu yake alikuwa ameketi uani juu ya kiti cha magurudumu. Walishikana mikono muda mrefu. Kisha yule mwenyeji akasema, kwa Kiunguja safi ambacho mimi nimekisikia kwa wazee tu, "Umekuwa mfupi." Wakacheka mpaka wakalia.

Aliyapokea mafurungu, akayapima mkononi, na kabla ya kuyaweka akaomba simu. Alimpigia nduguye aliyeko Nizwa, na mwingine, akawaambia kwamba kitu cha mama kimefika, na kwamba wao ni washirika katika kitu hicho. Aliyasema hayo mbele yetu sote ili tuwe mashahidi. Mimi ninasomesha mlango wa amana na wa mirathi miaka mingi, na sikumbuki kuwahi kuusomesha vizuri kama walivyousoma wale mabibi wawili uani pale. Wajukuu walileta kahawa. Walitusikiliza kwa Kiswahili na kutujibu kwa Kiarabu, na bibi yao akawakemea: "Semeni! Mwaelewa, semeni!" Mmoja akajaribu, akasema "Karibuni sana," akaona haya, akakimbia. Binti yangu alimfuata jikoni, na sijui walisemezana kwa lugha gani, ila walirudi wamebadilishana namba.

Tulisali pale, tukala wali wa nyama ambao haukukubali tuondoke upesi, na saa nane u nusu nikaanza kuangalia saa bila kutaka kuonekana. Kuwatenganisha wazee wawili kwa sababu ya ratiba ya meli si kazi nyepesi. Nawashauri wenye jamaa huko wafanye tofauti kidogo na sisi: wapigieni simu wiki moja kabla, mwambieni mmoja wa vijana wao aje langoni kwa gari saa mbili, na mkubaliane mapema, mbele ya mwenyeji, saa ya kuondoka, ili pasiwepo wa kuona amefukuzwa au amekimbiwa. Pelekeni kitu cha kwetu. Muhogo mkavu, ubuyu wa rangi, achari ya embe, na viungo vya pilau vilivyosagwa nyumbani vitapokewa kwa furaha kuliko sanduku la chokoleti la Dubai. Vyakula vibichi acheni, vitazuiwa.

Mavazi hayana shida kwa kina dada. Buibui na ushungi wenu ndiyo nguo ya mji. Viatu ndivyo viwe vya kutembea. Wazee wabebewe maji, na wanaotumia kiti cha magurudumu wajue kwamba njia ya ufukweni ni tambarare lakini ndani ya soko mna ngazi hapa na pale. Picha za wanawake msipige bila ruhusa, na zenu wenyewe mfikirie zinakwenda wapi kabla ya kuzituma.

Saa ya mwisho ya kupanda iandikwe mkononi ikibidi. Meli haimsubiri mtu aliyeshuka peke yake, na basi la langoni huwa na foleni ndefu katika nusu saa ya mwisho, kila mtu na mifuko yake. Mzigo utapitishwa kwenye mashine kama uwanja wa ndege. Ubani hupita na kofia hupita. Marashi yafungwe vizuri ndani ya nguo, maana chupa moja ikivunjika, ukumbi mzima wa meli utajua mmetoka Mutrah.